Kabla hujautoa ufunguo wa pochi yako kwenye simu, pitia hapa kwanza (uzi mrefu)

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Nina steshenari ndogo Mabibo, jirani na hosteli za wanachuo. Naprinti, natoa kopi, nalaminati, naandika barua za kuomba kazi. Wateja wengi siku hizi hawaji na flashi. Wananitumia kazi WhatsApp, naifungua kwenye kompyuta ya dukani, naprinti, wanalipa, wanaondoka.

Wiki iliyopita jioni, foleni imefika hadi mlangoni, kijana mmoja akanitumia picha. "Kaka, nakala moja tu, halafu unilaminetie." Nikaifungua. Ilikuwa skrinishoti: juu jina la pochi ya sarafu za kidijitali, katikati mstari mrefu wa tarakimu na herufi ndogo, umejikunja mara mbili. Nikazihesabu kwa kidole kwenye kioo. Zilikuwa 64. Ule ulikuwa ufunguo wa siri wa pochi yake, na yeyote aliye nao anaweza kuzichukua sarafu zilizomo.

Nikaifunga ile picha haraka, nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Hii umemtumia nani mwingine?" Akasema, "Hakuna, wewe tu."

Nikamwomba asubiri foleni iishe. Baadaye tukakaa tukahesabu pamoja nakala za ule ufunguo zilizokuwepo duniani hadi dakika ile. Ya kwanza, kwenye picha za simu yake. Ya pili, kwenye akaunti yake ya Google, maana picha zake zinajipandisha zenyewe. Ya tatu, kwenye mazungumzo ya WhatsApp upande wake. Ya nne, upande wangu, kwenye simu ya duka. Ya tano, kwenye kompyuta ya duka, folda ya vitu vilivyopakuliwa, katikati ya CV za watu na hati za viwanja. Ya sita ingetengenezwa usiku huo huo WhatsApp inapofanya bekapu. Karatasi yenyewe aliyokuja kuitafuta ilikuwa bado haijatoka.

Kompyuta hiyo tunaitumia watu watatu. Flashi za wanachuo 40 huchomekwa hapo kwa siku.

Kijana yule ana akiba ya miaka miwili humo, pesa za kuwachorea nembo wateja wa nje. Sikuprinti. Nilichomshauri ndicho kilichonifanya nifungue uzi huu, kwa sababu naona wengi wanadhani kuutoa ufunguo, yaani kuufunua na kuunakili nje ya pochi, ni sawa na kuhamisha pesa kutoka mfuko huu kwenda ule. Sivyo. Ukiutoa ufunguo, pesa inabaki palepale ilipo. Kilichoongezeka ni idadi ya vitu vinavyoweza kuichukua.

Na tofauti kubwa na namba ya siri ya M-Pesa au Airtel Money ni hii. Ukihisi mtu ameiona namba yako ya siri, unaibadilisha, na akaunti inabaki ile ile. Ufunguo wa pochi haubadilishwi. Anwani yako, yaani namba unayopokelea sarafu, imezaliwa kutoka kwenye ufunguo huo kwa hesabu, kwa hiyo anwani hiyo itafunguliwa na ufunguo huo leo, mwakani na miaka 30 ijayo. Nakala ikishatoka mkononi mwako huna pa kupiga simu ikazuiwe. Dawa pekee ni kuzihamisha sarafu zenyewe kwenda kwenye anwani nyingine, yenye ufunguo ambao haujawahi kuonekana na mtu.

Nayasema haya kwa uchungu. Mwaka 2022 mdogo wangu, tumbo moja, aliutoa ufunguo wake akaubandika kwenye daftari la simu linalojihifadhi kwenye barua pepe. Neno la siri la barua pepe hiyo lilikuwa lile lile alilolitumia kila mahali. Siku moja akakuta salio limekombwa. Kilichobaki ni sarafu alizokuwa amezifungia ili zizae, ambazo zingefunguka baada ya siku chache. Siku ya kufunguka ilipofika alihitaji gesi, yaani ile ada ya mtandao, ili azitoe. Akanunua BNB (sarafu inayolipia ada kwenye mtandao ule) ya shilingi 10,000, akaituma kwenye ile anwani. Nilikuwa nimekaa naye kwenye kochi, naiangalia simu. Gesi ilifika, tukaiona, na kabla hajabonyeza kitu ikaondoka. Akanunua nyingine. Ikaondoka. Ya tatu nilimshika mkono. Wezi wa funguo huweka roboti inayoikodolea macho anwani iliyovuja, na chochote kinachoingia hukwapuliwa papo hapo. Mwenye mali na mwizi wana ufunguo mmoja, na mkono wa roboti una kasi kuliko wa binadamu.

Naendelea kwenye posti inayofuata.

#2 Mleta uzi

Kwanza tutofautishe vitu viwili, maana watu wanavichanganya na kujiumiza.

Maneno 12 (au 24) ambayo pochi hukupa unapoifungua mara ya kwanza ni mzizi. Yanatoka kwenye orodha ya maneno 2,048 iliyowekwa na kanuni iitwayo BIP39 mwaka 2013, na kutoka kwenye maneno hayo pochi inazalisha funguo za akaunti zako zote, za Bitcoin, Ethereum, Tron na kadhalika. Ufunguo wa siri ni tawi moja: unafungua akaunti moja. Akitokea mtu kuupata ufunguo mmoja, akaunti hiyo moja imekwenda. Akiyapata maneno, zimekwenda zote.

Kwa hiyo swali la kwanza ni kama unahitaji kweli kuutoa ufunguo. Unabadilisha simu tu? Maneno 12 yanatosha, yaandike kwenye simu mpya, kwenye pochi ile ile, usihangaike na ufunguo. Unataka kuhamia pochi nyingine, au kifaa maalumu cha kuhifadhia? Fungua pochi mpya, izalishe maneno yake mapya, uyaandike kwa mkono, kisha tuma sarafu kutoka anwani ya zamani kwenda mpya, kama unavyomtumia mtu mwingine. Utalipa ada. USDT (sarafu inayofuata thamani ya dola) iliyoko kwenye mtandao wa Tron inataka uwe na TRX kidogo, iliyoko BNB Chain inataka BNB. Ada hiyo watu wanaionea uchungu, ndiyo maana wanakimbilia kukopi ufunguo. Mimi naiona ndiyo pesa iliyotumika vizuri kuliko zote. Kununua kifaa maalumu halafu ukaingiza humo maneno yaliyokwisha kuishi miaka miwili kwenye simu ya mtandaoni ni kununua sefu na kuacha funguo za akiba kwa jirani.

Kijana wa Mabibo ndivyo tulivyofanya jioni ile ile. Pochi mpya, maneno mapya kwenye karatasi, akatuma kidogo kwanza, ikafika, akatuma yote. Ule ufunguo wa herufi 64 sasa unafungua chumba kitupu.

Yapo mazingira ambayo lazima utoe. Pochi ya zamani iliyoacha kuhudumiwa na haikukupa maneno, kwa mfano, au akaunti yenye vitu visivyohamishika kwa urahisi. Basi fanya hivi.

Fanyia nyumbani, chumbani, peke yako. Kwenye daladala hapana, kwenye mwendokasi hapana, kwenye mgahawa wenye kamera juu ya kichwa chako hapana. Weka simu hali ya ndegeni, zima Wi-Fi na Bluetooth. Kabla ya hapo pitia orodha ya programu zenye ruhusa ya ufikivu, ile ruhusa inayoiwezesha programu kusoma kilichoko kwenye kioo, na uondoe usiyoijua. Programu za mikopo ya haraka za vichochoroni ondoa kabisa. Ufungue ufunguo ndani ya pochi, kisha nakili kwa kalamu kwenye karatasi. Kwa kalamu, nasisitiza. Kitufe cha kukopi kipo pale pale chini kinakuita, kiache.

Hapa kwenye kunakili ndipo penye utamu wa jambo, tulieni. Herufi 64 zigawe makundi ya nne nne, utapata makundi 16, yapange mistari minne. Ufunguo wa aina hii unatumia tarakimu 0 hadi 9 na herufi a hadi f peke yake. Kwa hiyo ukiona duara ni sifuri, haiwezi kuwa herufi o. Shida ni 6 na b, watu wenye mwandiko wa haraka wanavifananisha; b ipe shingo ndefu. Ukianza na "0x" mbele, hizo si sehemu ya 64.

Na hili wengi hawalijui: ufunguo wa herufi 64 hauna alama ya kujikagua. Ukikosea herufi moja tu, pochi haitakuambia umekosea. Itaupokea na kukufungulia akaunti nyingine, halali kabisa, tupu. Ufunguo wa Bitcoin unaoanza na 5, K au L una ukaguzi ndani yake, ukikosea unakataliwa. Maneno 12 nayo yana ukaguzi, ila mdogo. Takribani kosa moja kati ya 16 linaweza kupita. Kwa hiyo ukishaandika, soma kutoka mwisho kuja mwanzo, kundi kwa kundi, maana macho yakisoma kwa mwelekeo ule ule hurudia kosa lile lile. Halafu, kabla hujafuta chochote kwenye simu ya zamani, ingiza ulichoandika kwenye ile pochi unayoikusudia na ulinganishe anwani nzima. Ikilingana, mwandiko wako ni sahihi.

Ukimaliza kuingiza, kumbuka: ufunguo ulioingizwa kwenye pochi yenye maneno yake haufunikwi na maneno hayo. Siku ukiirejesha pochi kwa maneno 12, MetaMask kwa mfano haitakurudishia akaunti uliyoiingiza kwa ufunguo. Karatasi ya ufunguo inabaki kuwa tegemeo lake pekee.

#3 Mdau wa Tabata

Mkuu asante, ila kwani skrinishoti nikiificha kwenye folda yenye neno la siri kuna ubaya gani? Mimi mwandiko wangu mbovu.

#4 Mleta uzi

Mkuu wa Tabata, Februari 2025 watafiti wa Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, walitangaza kirusi walichokiita SparkCat. Kilikutwa ndani ya programu zilizokuwa Google Play, na hata App Store ya Apple. Kinaomba ruhusa ya kuona picha, ruhusa ambayo sote tunaitoa bila kufikiri, kisha kinasoma maandishi yaliyomo ndani ya picha zako kutafuta maneno ya kurejesha pochi. Tena skrinishoti kwanza inapita kwenye picha za kawaida ndipo uihamishe, na dakika hiyo moja inatosha kupandishwa mtandaoni.

Kukopi nako, kwa kuwa najua swali linakuja: tangu Android 10 ya mwaka 2019, programu isiyofunguliwa mbele yako hairuhusiwi kusoma ulichokopi. Lakini kibodi yako inaruhusiwa, na kibodi nyingi zinaweka historia ya vilivyokopiwa. Angalia kama kibodi yako umeipakua kwa ajili ya stika za mapenzi. Mwandiko mbovu unatibika kwa kuandika taratibu, mkuu.

#5 Mdau wa Tandika

Wakuu nisaidieni, mimi nimeshikwa pabaya. Simu imeanguka kwenye boda, kioo kinaonyesha lakini hakishiki kidole. Maneno 12 sikuandika, nilisema nitaandika kesho. Fundi wa Kariakoo anataka nimwachie siku mbili na nimpe patani. Humo kuna kama dola 900.

#6 Mleta uzi

Ndugu yangu wa Tandika, usimpe. Si kwamba nawasema mafundi, wengi ni watu wa haki, nami nawapelekea simu zangu. Lakini simu yenye patani, ikilala dukani siku mbili, inashikwa na mikono usiyoijua.

Kwa kuwa kioo kinaonyesha, una bahati. Nenda duka lolote la vifaa vya simu, ununue kile kiunganishi cha OTG kinachoingia tundu la chaji la simu yako, chomeka maus ya kawaida ya kompyuta. Simu nyingi za Android zitaonyesha mshale kwenye kioo, utachora patani kwa maus na kubonyeza kama kawaida. Fungua pochi, yatoe maneno, yaandike. Kisha fungua pochi mpya kwenye simu nyingine na uzitume sarafu huko. Ukishamaliza ndipo uifute simu yote na umpelekee fundi. Fanya leo leo, kioo cha namna hiyo huzima kabisa bila taarifa. Tupe mrejesho.

#7 Dada wa Kigamboni

Mimi nimeingiza maneno yangu kwenye pochi nyingine nikaona salio sifuri. Nimeuliza kwenye kundi la Telegram, kuna mtu amenijia faragha anasema ni huduma kwa wateja, kanitumia kiungo nithibitishe pochi.

#8 Mleta uzi

Dada, tafadhali usikiguse hicho kiungo, na umfungie huyo mtu sasa hivi. Hakuna huduma kwa wateja inayomfuata mtu faragha. Huyo ni ndugu wa yule wa "ile hela tuma kwenye namba hii", amebadilisha shati tu.

Salio lako halijapotea. Maneno yale yale yanaweza kuzalisha anwani tofauti kulingana na njia ambayo pochi imechagua kuyafuata. Kwa Ethereum pochi nyingi hukubaliana, kwa Bitcoin na Solana hutofautiana sana. Irudie pochi ya mwanzo, utaziona. Kisha zitume kwenda kwenye anwani ya pochi mpya, uachane na suala la kuhamisha maneno.

Na kwa wengine: ukikuta mtu ameandika maneno yake 12 hadharani kwenye maoni ya YouTube, eti ana USDT na hajui kuitoa, huo ni mtego. Ukifungua utaiona USDT kweli. Utatuma TRX ya ada, na TRX hiyo ndiyo mawindo yao. Akaunti imefungwa kwa saini zaidi ya moja, yaani inataka idhini ya ufunguo mwingine walio nao wao, hutatoa hata senti.

#9 Mdau wa Tabata

Ila mkuu, mateso yote haya ya nini? Si bora kuacha pesa kwenye soko lenyewe, ile kampuni ya kununulia na kuuzia sarafu, ukisahau neno la siri wanakurudishia. Halafu BoT (Benki Kuu) wenyewe walishasema haya mambo hayatambuliki.

#10 Mleta uzi

Hoja yako ni ya kweli nusu, na nusu hiyo naiheshimu. Kama una pesa ya wiki moja, ya kununua na kuuza, sioni dhambi ikikaa sokoni. Lakini Novemba 2022 soko la FTX lilianguka, na wateja wakabaki na namba kwenye kioo bila pesa nyuma yake. Akiba ya miaka miwili ni kitu kingine.

Kuhusu BoT, tangazo lao la Novemba 2019 nalikumbuka. Sheria ya Fedha ya 2024 nayo ikaja na kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye mali za kidijitali, kwa hiyo serikali inajua tupo. Lakini kwa suala letu hilo halibadilishi kitu: ufunguo ukivuja hakuna ofisi Dar nzima yenye uwezo wa kuurudisha muamala.

Hata pochi unazoingiza ufunguo wako zichague. Agosti 2022 pochi zaidi ya 8,000 za Solana zilikombwa, na ikabainika kwamba programu ya simu ya Slope ilikuwa ikipeleka maneno ya siri ya watumiaji kwenye seva ya kumbukumbu za hitilafu. Hata mtu aliyewahi kuingiza maneno yake kule mara moja, kisha akahamia pochi nyingine, alikuwa hatarini. Ndiyo maana narudia, kila unapouingiza ufunguo mahali umeongeza nakala.

#11 Dada wa Kigamboni

Nimemfungia, na salio nimeliona kwenye pochi ya zamani. Mungu akubariki kaka. Sasa karatasi niiweke wapi? Nyumba yetu ina mchwa, na masika maji yanaingia hadi sebuleni.

#12 Mleta uzi

Dada, karatasi kwa Dar ni ya muda. Unyevu wa pwani unaifuta wino taratibu. Usije kulaminati dukani, hata kwangu. Weka nakala mbili, nyumba mbili tofauti, ndani ya mfuko wa plastiki na chombo chenye mfuniko wa kukaza.

Cha kudumu ni bati la chuma cha pua. Mafundi chuma wa mtaa wa Gerezani watakukatia kipande. Nunua zile nondo ndogo za kugongea herufi, ugonge mwenyewe nyumbani kwa nyundo. Usimwachie fundi orodha. Herufi nne za mwanzo za kila neno zinatosha, maana orodha ile imetungwa ili herufi nne za mwanzo zisifanane kati ya neno na neno. Mimi nilitumia Jumapili moja, majirani wakadhani natengeneza kitanda. Mke wangu anajua bati lilipo na anajua ni la nini. Lolote likinikuta, hatahitaji kumuuliza mtu wa Telegram.

#13 Mdau wa Tandika

Mrejesho wakuu. Nimepata kiunganishi na maus, mshale umetokea! Patani ilinitoa jasho, mara ya nne ndipo imekubali. Nimeandika maneno, nimefungua pochi mpya kwenye simu ya mke wangu, nimeandika na ya kwake. Nimetuma dola 5. Imefika. Nimelinganisha anwani herufi kwa herufi, yeye akisoma mimi nikitazama. Sasa natuma zilizobaki.

#14 Mleta uzi

Tuma, ndugu yangu. Na hizo karatasi mbili zisilale chumba kimoja.

#15 Mdau wa Tandika

Zimefika zote. Simu naifuta sasa hivi, fundi ataipata kesho ikiwa tupu.